Moyo au Ujuzi: Ni Kipi Kimponyacho Mgonjwa?

Mkoa wa Pwani umelizunguka Jiji la Dar es Salaam, na kila njia itokayo jijini huingia humo. Anayeifuata Barabara ya Morogoro hufika Kibaha, makao makuu ya mkoa, baada ya kilometa zipatazo 40. Anayepitia Gongo la Mboto na Pugu hupanda vilima, huacha nyuma misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, kisha huingia Kisarawe. Wilaya hizi mbili ni jirani, lakini wagonjwa wake hufika hospitalini kwa namna zisizofanana, na tofauti hiyo inatosha kufungua mjadala wa siku nyingi: katika mtumishi wa afya, kipi kitangulie, moyo wa kazi au ujuzi wa kazi?

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Tumbi, Kibaha, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea majeruhi wa ajali za barabara kuu. Majeruhi asiye na fahamu, anayevuja damu ndani ya tumbo, hajui kama daktari wa zamu ni mpole au mkali. Anachohitaji ni mikono inayojua kufungua njia ya hewa, kuzuia damu na kumfikisha chumba cha upasuaji kabla muda haujamwisha. Kwake yeye, ujuzi ni kila kitu.

Mjamzito wa kijiji cha ndani huko Kisarawe, upande wa Maneromango au Mzenga, yuko katika hali nyingine. Yeye ana fahamu zake zote. Uchungu unapoanza usiku, anapima: nauli ya bodaboda, umbali wa njia, na jinsi alivyopokewa mara ya mwisho. Ikiwa alikemewa mbele ya wenzake kwa kukosa kanga safi, huenda akaamua kubaki nyumbani na mkunga wa jadi. Mkunga aliyesomea yuko kituoni, vifaa vyake viko tayari, ila mgonjwa hayupo. Ujuzi wote uliolipiwa na taifa unakesha bila kazi.

Kutokana na mifano hii miwili, kila upande wa mjadala hudai kuwa umeshinda. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika Pwani kwenyewe na katika mikoa mingine ya Tanzania zinaonyesha kuwa jibu si jepesi kiasi hicho.

Somo la malaria Kibaha

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Billy Ngasala wa Muhimbili, uliofanyika katika vituo 16 vya huduma za msingi katika wilaya za Kibaha na Bagamoyo. Wakati ule ilikuwa desturi karibu kila mahali kwamba mtoto mwenye homa hupewa dawa ya malaria. Watafiti waliwagawa watumishi katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa kutambua dalili za malaria pamoja na kupima damu kwa hadubini. Kundi la pili lilifundishwa dalili peke yake. Kundi la tatu liliendelea na kazi kama kawaida.

Katika kundi lisilofundishwa, asilimia 99.5 ya watoto walioandikishwa waliandikiwa dawa ya malaria. Katika kundi lililofundishwa dalili peke yake, walioandikiwa walikuwa asilimia 95.3. Kwa wale waliokuwa na mafunzo na hadubini pamoja, kiwango kilishuka hadi asilimia 61.3.

Takwimu hizi zinapaswa kusomwa kwa utulivu. Hazisemi kuwa watumishi wa kundi la pili walikuwa wavivu au wenye roho mbaya. Walipewa elimu, lakini hawakupewa chombo cha kuitumia. Mtumishi anayemtazama mtoto mwenye homa kali, bila njia ya kuthibitisha chanzo chake, huchagua lililo salama machoni pake: hutoa dawa. Hapo si moyo uliopungua, bali mazingira ya kuufanya ujuzi uwe na nguvu.

Kibaha ilitoa somo la pili mwaka 2011, pale yalipochapishwa matokeo ya utafiti mwingine uliowahusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii 22. Hawa hawakuwa madaktari wala matabibu. Walikuwa watu wa vijijini waliopewa mafunzo mafupi. Katika baadhi ya wiki walitumia kipimo cha haraka cha malaria, na katika wiki nyingine walitegemea dalili peke yake. Kati ya wagonjwa 2,930 wa homa waliohudumiwa, waliopewa dawa mseto katika wiki za kipimo walikuwa asilimia 53.2, ilhali katika wiki zisizo na kipimo walikuwa asilimia 96.5.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko kuokoa vidonge. Mtoto ambaye homa yake inatokana na nimonia, kisha akapewa dawa ya malaria peke yake, amerudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Vilevile kuna jambo la mwenendo ndani yake. Kumwambia mama aliyetembea kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni kwamba kipimo hakionyeshi malaria, na kwamba dawa aliyoitarajia haitatolewa, kunahitaji ujasiri, subira na maelezo yanayoeleweka. Mwenye kipimo asiye na subira ya kueleza atashawishika kutoa dawa ili foleni isogee. Hivyo hata katika tone moja la damu, ujuzi na moyo hukutana.

Kujua si kutenda

Wengi huamini kuwa mtumishi akishajua, atafanya. Utafiti wa Kenneth Leonard na Melkiory Masatu mkoani Arusha uliitikisa imani hiyo. Watafiti hao walipima mambo mawili kwa matabibu wale wale: wanajua nini, na wanafanya nini mbele ya mgonjwa. Tabibu alipewa mgonjwa wa kuigiza, akaulizwa maswali gani angemuuliza na vipimo gani angefanya. Pia alitazamwa akiwa kazini. Ilionekana kuwa wapo waliojua mengi kuliko waliyoyatenda. Maswali waliyoyataja vizuri katika mfano hawakuyauliza kwa mgonjwa wa kweli.

Jambo la pili lilistaajabisha zaidi. Watafiti walipoingia chumba cha daktari, huduma ilipanda ubora papo hapo. Daktari aliuliza zaidi, akapima zaidi, akaeleza zaidi. Lakini baada ya wagonjwa kati ya 10 na 15 hivi, alizoea kutazamwa, akarudia desturi yake ya kila siku.

Hapakutolewa mafunzo mapya asubuhi hiyo, wala kifaa kipya hakikuletwa. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mtu anayetazama. Maana yake ni kuwa sehemu ya huduma bora tayari imo ndani ya watumishi waliopo, ila haitoki. Hapa ndipo neno "moyo wa kazi" linapopata maana yake halisi. Moyo wa kazi si tabasamu wala sauti laini peke yake. Ni kutenda unachokijua kwa mgonjwa wa arobaini kama ulivyotenda kwa wa kwanza, mlango ukiwa umefungwa na hakuna msimamizi anayeangalia.

Mikono nayo husahau

Kabla mtetezi wa moyo hajashangilia, inafaa kwenda Haydom, mkoani Manyara. Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mkunga ana takriban dakika moja, iitwayo dakika ya dhahabu, ya kumkausha, kumchochea na, ikishindikana, kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Mwaka 2010 wakunga wa Hospitali ya Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kazi hiyo. Walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini watafiti walipotazama huduma katika chumba cha kujifungulia chenyewe, hawakuona mabadiliko ya maana.

Hospitali ikabadili utaratibu. Badala ya semina moja ndefu, wakunga walifanya mazoezi mafupi mahali pa kazi, ya dakika chache kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Hakuna anayeweza kudai kuwa wakunga hao hawakuwa na huruma kabla ya mazoezi hayo. Mkunga aliyesimama juu ya mtoto asiyelia anaumia moyo kama mzazi. Huruma yake, hata iwe kubwa kiasi gani, haifungui mapafu. Kinachoyafungua ni mkono uliozoea kushika barakoa mpaka haivujishi hewa. Upendo usio na ujuzi humlilia mgonjwa, haumponyi. Na ujuzi nao, usipofanyiwa mazoezi, hutoka mikononi taratibu bila mwenyewe kujua.

Kauli inapoufunga mlango

Turufu kubwa ya upande wa moyo imo katika wodi za wazazi. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, wanawake waliulizwa kama walidhalilishwa au kutendewa vibaya walipojifungua: kukemewa, kupigwa, kuachwa peke yao, kunyimwa faragha. Walipoulizwa wakitoka kituoni, takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa baadaye nyumbani, waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Katika utafiti mwingine uliofanyika jijini Dar es Salaam, pengo lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 15 muda mfupi baada ya kujifungua, na asilimia 70 miongoni mwa waliohojiwa nyumbani wiki chache baadaye.

Mwanamke akiwa bado kitandani, na mtoto wake mikononi mwa wauguzi, huogopa kusema. Akifika kwake, husema. Na hawaelezi watafiti tu. Huwaeleza dada, wifi, jirani na binti yake. Simulizi moja ya wodini husafiri kijiji kizima kabla ya kadi ya kliniki kukunjwa. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ujuzi wa mkunga unafanya kazi katika ule wa tatu. Katika ule wa kwanza, kinachofanya kazi ni kumbukumbu ya jinsi mtu alivyopokewa.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kwa mjamzito wa Kisarawe, maneno machungu humrudisha mwenye uchungu ndani ya nyumba isiyo na damu ya kuongezwa wala dawa ya kifafa cha mimba.

Kauli huathiri hata ubora wa uchunguzi. Mgonjwa aliyetishwa hujibu "ndiyo" kwa kila swali. Hatasema kuwa alianza na dawa za miti shamba, kuwa aliacha vidonge vya kufubaza virusi kwa miezi miwili, au kuwa ana kidonda sehemu asiyotaka kuitaja. Daktari hodari aliyenyimwa ukweli anakata shauri gizani. Kwa hiyo adabu ya mtumishi ni chombo cha uchunguzi kama kilivyo kipimo cha shinikizo la damu.

Moyo hufundishika?

Baadhi ya wakuu wa vituo hukata tamaa wakiamini kuwa tabia ya mtu mzima haibadiliki: ujuzi hufundishwa, moyo huzaliwa nao. Ushahidi wa Tanga unapinga wazo hilo. Huko, watumishi na wananchi waliketi pamoja, wakakubaliana juu ya mkataba wa huduma, kisha hospitali ikachagua mabadiliko madogo yanayowezekana, kama vile mapazia ya faragha na chai kwa wauguzi wa zamu. Baadaye ilipopimwa, uwezekano wa mwanamke kutendewa vibaya ulikuwa umepungua kwa asilimia 66 ukilinganishwa na mahali ambapo mpango huo haukufanyika.

Chai si jambo la kuchekwa. Muuguzi mmoja anayehudumia wazazi wengi usiku kucha bila kula, bila glavu za kutosha na bila wa kumpokea, hana akiba ya upole ya kutoa. Hilo halihalalishi tusi wala kofi. Hakuna uchovu unaompa mtu ruhusa ya kumdhalilisha mgonjwa. Linaonyesha tu kuwa anayetaka kurekebisha mwenendo hana budi kutazama pia meza ya zamu, stoo ya dawa na mshahara.

Mkoa wa Pwani ulipata fursa ya kulijaribu hilo kwa fedha. Mwaka 2011 ulianza mpango wa majaribio wa malipo kwa ufanisi katika wilaya zote za mkoa, Kibaha na Kisarawe zikiwamo. Vituo vilivyofikia malengo, kwa mfano idadi ya wanaojifungulia kituoni na wajawazito wanaopewa dawa ya kuzuia malaria, vililipwa nyongeza. Sehemu ilikwenda kwa watumishi na sehemu ikabaki kuboresha kituo. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na washirika wake, kwa kulinganisha Pwani na wilaya za mikoa jirani, ilionyesha kuwa wanawake waliojifungulia katika vituo waliongezeka kwa pointi 8.2 za asilimia kutokana na mpango huo. Uchambuzi uliofuata ulitaja njia zilizohusika: dawa kupatikana zaidi, usimamizi kuimarika, malipo ya mfukoni wakati wa kujifungua kupungua, na watumishi kuwa wapole zaidi kwa wazazi.

Hata hivyo fedha ina mipaka yake. Kinacholipiwa huelekea kupata uangalizi zaidi, na kisicholipiwa kinaweza kusahauliwa. Hakuna mfumo wa malipo uwezao kuhesabu kila neno jema, kila mkono ulionawiwa kabla ya kumgusa mgonjwa, kila faili lililosomwa mara mbili. Mengi ya hayo lazima yatokane na malezi ya taaluma yenyewe.

Ndiyo sababu vyuo vina deni. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kutumia mitaala inayojengwa juu ya umahiri, ambamo mwanafunzi hapimwi kwa kukariri peke yake, bali pia kwa anavyofanya kazi na anavyoenenda kama mwanataaluma. Mwelekeo ni sahihi, ila unakamilishwa au kuharibiwa wodini. Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kumwita mgonjwa kwa jina lake, kisha akamsikia mkubwa wake akisema "yule wa kitanda cha saba", atajifunza kutoka kwa mkubwa. Katika adabu, mwalimu ni mfano.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Kwa mtumishi wa zahanati, kituo cha afya au hospitali, yapo mambo yasiyosubiri bajeti. La kwanza ni kumsalimu mgonjwa, kumtajia jina na kumweleza kitakachofanyika kabla ya kumgusa. Salamu ni desturi ya nchi hii. Kuikata kwa kisingizio cha foleni ni kumwambia mgonjwa kuwa hakuonekana. La pili ni kuweka mwanasesere, mfuko na barakoa mahali panapofikika na kufanya mazoezi mafupi kila wiki. La tatu ni kufuata mwongozo wa tiba hata pale kumbukumbu inapodai kuwa inatosha. La nne, pengine gumu kuliko yote, ni kusema "hili silijui" na kutoa rufaa mapema. Hapo moyo na ujuzi huwa kitu kimoja, kwa kuwa unyenyekevu wa kukiri mpaka wa ujuzi umewaokoa wagonjwa wengi.

Kwa mkuu wa kituo, matabibu wa Arusha wameacha funzo: watumishi hufanya vizuri zaidi wanapojua kuwa kazi yao inaonekana. Usimamizi wa kirafiki, wa mara kwa mara, wenye kusifu panapostahili na kuonya kwa faragha, unaweza kuamsha ujuzi uliolala. Maoni ya wagonjwa nayo yatafutwe pia wakiwa wameshatoka kituoni, kwa kuwa sanduku la maoni lililo mbele ya macho ya muuguzi halisemi yote.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, kutendewa kwa heshima ni haki, si hisani. Mgonjwa anaruhusiwa kuuliza ana ugonjwa gani, dawa hii ni ya nini na arudi lini. Akikosewa, anaweza kuanza kwa mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Jambo zito la kitaaluma hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Vilevile heshima hujibiwa kwa heshima: muuguzi anayetukanwa na ndugu wa mgonjwa naye ni mtoto wa mtu.

Lipo moja lisilo na mjadala. Mjamzito akivuja damu, akipata degedege, akiumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, au mtoto akiacha kucheza tumboni, apelekwe kituoni mara moja, hata kama safari iliyopita alikemewa. Malalamiko yanaweza kusubiri wiki; damu haisubiri.

Mizani

Swali la kipi ni bora kati ya moyo na ujuzi hudhani kuwa mtumishi anaweza kukosa kimoja akabaki na kingine kizima. Kibaha imeonyesha kuwa ujuzi bila kifaa hubaki maneno. Arusha imeonyesha kuwa ujuzi bila moyo haufiki kwa mgonjwa. Haydom imeonyesha kuwa moyo bila mazoezi haumpi mtoto pumzi. Tanga imeonyesha kuwa mwenendo hurekebishika pale mtumishi na mwananchi wanapoketi meza moja.

Likibaki kulazimishwa jibu, huenda likawa hili: ujuzi ndio unaomponya mgonjwa aliyefika, na moyo ndio unaomfikisha, unaomfanya aseme kweli na unaomrudisha siku nyingine. Majeruhi wa Barabara ya Morogoro akizinduka kitandani Tumbi, ataanza naye kuisikia sauti ya anayembadilishia bandeji. Na mjamzito wa Maneromango, akishafika kituoni kwa kuamini kuwa atapokewa vizuri, atahitaji mikono inayojua kuzuia damu yake isimwagike.